Nimempandisha cheo fundi wangu bora, kazi ikashuka. Wapi nimekosea?

#1 MwenyeCherehani11

Habari zenu. Nina karakana ya sare za shule hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Mafundi tisa, cherehani kumi na moja, mbili zinangoja spea tangu Pasaka. Fundi wangu wa kola ni mzee wa miaka 47, niko naye tangu 2016. Kola ndiyo humfichua fundi. Ncha mbili zisipolingana, hata mzazi asiyejua kushika sindano anaiona akiwa mlangoni. Huyu mzee alikuwa akitoa kola 30 kwa siku, ncha zinafanana kama mapacha.

Mei nikamwita nikamwambia, kuanzia leo wewe ndiye msimamizi, mshahara unatoka 22,000 unaenda 28,000. Alifurahi, akanunulia karakana nzima soda. Sasa ni kola 18. Kuna siku 16. Na wale wengine nao wamelegea, kila mtu anaingia saa anayotaka. Juni nikaweka faini ya shilingi 50 kwa anayefika baada ya saa mbili na dakika kumi asubuhi. Badala ya kupungua, wanaochelewa wameongezeka!

Januari ndiyo hiyo inakuja, shule zinafunguliwa, oda haziningojei. Nimrudishe alipokuwa? Nimwandikie barua ya onyo? Au pesa huharibu watu?

#2 KijanaWaMwiki

Bosi, ushawahi kungoja matatu ya Outering saa moja asubuhi mvua ikinyesha? Nauli inapanda mara mbili na bado unasimama. Hamsini yako ni nafuu. Mimi ningelipa nikiwa bado kitandani.

#3 MamaVifungo

Asante kwa kuleta hii. Mimi nilishona miaka 14, Gikomba kisha Eastleigh, kwa hivyo naongea nikijua. Hukumpandisha cheo huyo mzee. Umemtoa kwenye kazi anayoijua ukamtia kwenye kazi asiyoijua, halafu bado unahesabu ile ya kwanza. Msimamizi anaitwa kila dakika tano. Huyu ovaloki yake inakata uzi, yule ameweka mfuko upande usiofaa, mwingine anaomba ruhusa ya kupeleka mtoto kliniki. Kola inataka mtu atulie. Ukiinuka katikati ya ncha ya pili, ukirudi mkono umesahau ilipoachia.

Hizo 18 mimi naona ni nyingi.

#4 MsomajiWaUsiku

Kuhusu faini, hilo lilishapimwa. Mwaka 1998 watafiti wawili, Gneezy na Rustichini, walikwenda kwenye vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuchukua watoto jioni. Baadhi ya vituo vikaweka faini ya shekeli 10 kwa kuchelewa zaidi ya dakika kumi. Wazazi wanaochelewa wakaongezeka karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, hawakurudi kama zamani.

Maelezo yao ni kwamba kabla ya faini mzazi aliona haya kumchelewesha mwalimu. Baada ya faini akaona amenunua muda. KijanaWaMwiki hapo #2 amesema jambo lilelile bila kwenda Haifa.

#5 KijanaWaMwiki

Nipewe digrii yangu basi 😂

#6 MzeeWaMbao

Mnazunguka mbuyu. Mimi nina karakana ya viti, nawaambia shida ni simu. Kuna ile ndege ya kamari, inapaa kwenye kioo, mtu anaitazama mpaka anasahau ameshika randa. Mwezi jana kijana wangu amekata ubao mfupi kwa inchi mbili akiikodolea macho ndege. Dawa ni moja: ondoa mshahara wa mwezi, lipa kwa kipande. Kola moja pesa hii, kola mbili pesa hii. Utaona kama kuna atakayechelewa.

#7 BintiLikoni

Nyote hamjambo. Mimi nacheka tu kwamba huu ni uzi kuhusu uzi. Endeleeni.

#8 MamaVifungo

@MzeeWaMbao kwa kipande nimelipwa, nakwambia kinachofuata. Unashona haraka, huangalii nyuma, kifungo kinashikwa na nyuzi tatu. Ukikuta cherehani imeharibika hutengenezi, unahamia ya mwenzako. Na anayeanza kazi hafunzwi na mtu, kwa sababu dakika ya kumfunza mimi nani atanilipa? Viti sijui. Lakini sare ya mtoto inavaliwa siku tano kwa wiki, inapanda miti, inacheza mpira.

#9 MzeeWaMbao

Kwa hivyo kiti hakikaliwi?

#10 PesaNdiyoMambo

Pesa ndogo huzaa kazi ndogo. Henry Ford, yule wa magari, mwaka 1914 aliamka akalipa wafanyakazi dola 5 kwa siku, mara mbili ya kawaida, na kazi ikapaa. 6,000 katika Nairobi hii ni nini? Mzee amepata nyongeza, mwenye nyumba akaisikia, muuza unga akaisikia. Tena ukate SHIF ya matibabu, ukate ushuru wa nyumba. Nyongeza yote imeliwa kabla hajafika nayo nyumbani. Mimi ningepunguza kola zifike 10.

#11 MsomajiWaUsiku

Dola 5 za Ford zina mkia. Mwaka 1913 watu walikuwa wanaacha kazi ile ya kuunganisha magari kwa mstari, kila mtu na kipande chake, kwa wingi hadi ilimbidi aajiri zaidi ya 52,000 ili abaki na kama 14,000. Alikuwa anawanunua wasikimbie. Tena karibu nusu ya hizo dola 5 ilihesabiwa kama mgao wa faida, na uliupata ukitimiza masharti. Alikuwa na idara ya kutuma watu majumbani kuangalia kama unakunywa pombe na kama nyumba ni safi. Bosi wetu aanze kukagua nyumba za mafundi Dandora?

#12 MhasibuMpole

Naomba nirekebishe #10 kwa tarakimu, maana kuhusu SHIF watu wanaongea kwa hasira tu.

Mtu wa 28,000 zamani alikatwa NHIF, bima ya afya iliyokuwepo kabla ya SHIF, 850. SHIF ni asilimia 2.75, yaani 770. Kwa mshahara huo imepungua. Wanaolia kwa haki ni wa mishahara mikubwa. Kilichobadilika sana kwa mzee ni NSSF, akiba ya uzeeni: mpaka mwanzo wa 2023 wengi walikatwa 200 tu, sasa ni asilimia 6, kwake 1,680. Nyumba asilimia 1.5, ni 420. Kodi kwa viwango vya 2025, kama 280 hivi. Jumla anabaki na kama 24,850.

Angebaki kwenye 22,000 angepeleka nyumbani 19,745. Kwa hivyo 6,000 uliyompa yeye ameiona kama 5,100. Lakini zamani, enzi za NSSF ya 200, hiyo 22,000 ilimbakishia 21,050. Yeye akilinganisha na wakati ule, miaka yote hiyo na cheo kipya vimemwongezea kama 3,800. Bosi anasema "nimempa elfu sita". Mfuko wa mzee una hesabu nyingine. Kila mmoja anasema kweli.

Hii ni kama unamkata ipasavyo na kuwasilisha. Sitauliza.

#13 PesaNdiyoMambo

Nimekubali kuhusu SHIF. Kuhusu unga sijakubali.

#14 WakiliWaMtaani

Mkuu wa karakana, kabla ya barua ya onyo nisikilize. Hiyo faini yako ina matatizo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, imetaja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya kwenye mshahara. Kuna aliyeharibu mali yako kwa makusudi, kuna pesa zilizopungua kwa uzembe wake, kuna aliyekosa kazini bila ruhusa, na huyo...

#15 MzeeWaMbao

Si hiyo hapo? Aliyechelewa amekosa kazini.

#16 WakiliWaMtaani

Umenikatiza kama hakimu. Kifungu kinasema siku ambayo hakuwepo *siku nzima*, na hapo humkati zaidi ya mshahara wa siku moja. Dakika kumi si siku. Faini ya kuchelewa haimo kwenye orodha.

Pili, kumrudisha 22,000. Mambo ya msingi ya mkataba yakibadilika, kifungu cha 10 kinataka mshauriane na mwajiriwa na umwarifu kwa maandishi. Nashuku hata kupanda kwenyewe hakukuandikwa. Kulikuwa na soda tu.

Tatu, ukifikia kumwachisha kwa utendaji duni, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua yeye, na uwasikilize kabla ya kuamua. Ukiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kukuamuru kumlipa hadi mishahara ya miezi 12. Piga hesabu 28,000 mara 12.

#17 MhasibuMpole

336,000. Ni cherehani ngapi hizo?

#18 MwenyeCherehani11

Nimesoma zote, asanteni. Najibu kwa mafungu.

Wakili, kweli hakuna karatasi. Kulikuwa na soda. Faini siikati kwenye mshahara. Kuna mkebe wa Kimbo mlangoni, ukichelewa unatia hamsini, Ijumaa tunanunulia mandazi na chai.

MamaVifungo, simhesabii kola kwa ubaya. Lakini nilidhani msimamizi huongeza kazi ya wote. Jumla ya karakana nayo imeshuka, kutoka mashati kama 85 hadi 70 hivi.

PesaNdiyoMambo, kuna kitu sikusema mwanzoni. Zamani nilikuwa nampa shilingi 10 kwa kila kola inayozidi 20 kwa siku. Alipopanda cheo niliiondoa, maana sasa ana mshahara wa msimamizi. Kola 10 za ziada ni shilingi 100, mara siku 26 ni 2,600. Nimempa 6,000. Bado amefaidi, sivyo?

#19 KijanaWaMwiki

Kwa hivyo wanaochelewa ndio wanaonunulia wengine mandazi? Bosi, mimi ningechelewa kwa heshima. Huo ni mchango, si faini!

#20 FundiPasi

Mimi ni mtu wa kupiga pasi, si wa maneno mengi. Bosi, hizo kola za ziada zilikuwa zinahesabiwaje?

#21 MwenyeCherehani11

Kwa chaki. Kila akimaliza kumi alikuwa anachora mstari kwenye ubavu wa meza yake. Mistari mitatu ndio siku. Vijana walikuwa wanapita wakiangalia, "mzee yuko wa pili na haijafika saa saba!" Kuna mmoja wa mifuko naye akaanza kuchora yake. Tangu Mei mistari haipo. Meza ilifutwa tulipopaka rangi.

#22 FundiPasi

Basi.

#23 BintiLikoni

Ngoja kidogo, usituachie "basi". Mimi nafanya kazi hotelini huku Pwani. Tulikuwa na mpishi wa chapati aliyekuwa akizipanga juu ya sahani mpaka mnara unamzidi urefu, watalii wanapiga picha. Mkubwa mpya akaja, akasema chapati zihifadhiwe kwenye sanduku la joto, ni usafi. Ni kweli ni usafi. Lakini yule mpishi hakuwa yuleyule tena. Mshahara haukuguswa hata senti.

Simaanishi lolote juu ya mzee wako. Nimekumbuka tu.

#24 MsomajiWaUsiku

Hapo ndipo Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alipo. Mwaka 1959 alitoa matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 wa Pittsburgh, akasema yanayomfanya mtu achukie kazi na yanayomfanya aipende si vitu vimoja. Mshahara mbaya, sheria za ovyo na bosi mkorofi humchukiza mtu. Ukivirekebisha, chuki inaisha, lakini hajaipenda kazi kwa sababu hiyo. Kuipenda huja na kazi yenyewe, kuona ulichokamilisha, kutambuliwa. Ile mistari ya chaki.

#25 MamaVifungo

Wahandisi na wahasibu. Fundi wa kola hakuulizwa.

#26 MhasibuMpole

Wahasibu tumeulizwa, tunashukuru.

#27 Mzalendo_Donholm

Kitu rahisi: wewe bosi ukae karakanani. Kule Marekani kiwanda cha Hawthorne, mjini Chicago, waliongeza taa kazi ikapanda, wakapunguza taa kazi ikapanda tena. Mtu akijua anaangaliwa anafanya kazi. Imeisha.

#28 MsomajiWaUsiku

Kiwanda kilikuwa Cicero, pembeni mwa Chicago, na majaribio ya taa yalianza 1924. Ila takwimu zile za taa zilipopatikana na kuchambuliwa upya miaka mingi baadaye, ile ajabu inayosimuliwa haikuonekana wazi hivyo. Hadithi imeishi kuliko hesabu.

#29 FundiPasi

Taa. Bosi, taa yako iko wapi?

#30 MwenyeCherehani11

Zipo mbili za mirija juu. Moja inapepesa. Kwa nini?

#31 FundiPasi

Mzee ana 47. Nani humtungia uzi kwenye sindano?

#32 MwenyeCherehani11

Sijui. Sijaangalia hilo.

#33 MamaVifungo

Uuui. FundiPasi, umenigusa. Mimi niliacha kushona kwa ajili hiyohiyo. Inaanza baada ya 40, karibu kila mtu, si ugonjwa. Cha mbali unaona, cha karibu kinafanya ukungu. Mwanzo unasogeza kitambaa mbali kidogo. Halafu unasema uzi huu ni mbaya. Halafu unamwita kijana, "hebu nitungie," unajifanya una haraka. Kwa kitambaa cheupe unaendelea kuotea. Ukifika sweta nyeusi na suruali za bluu ya giza ndio unakwama. Mwaka mzima nilikuwa nalaumu mwanga wa nyumba. Sikumwambia mtu. Fundi asiyeona sindano atasema nini?

Miwani ya kusomea ya barabarani ni bei ya chakula cha mchana. Ila apimwe kwanza.

#34 MzeeWaMbao

Sasa macho yalingoja cheo cha Mei ndio yaharibike? Kola 30 Aprili, 18 Juni. Macho hayashuki hivyo kama matatu iliyokatika breki.

#35 FundiPasi

Alikuwa anajua kola kwa mkono. Sasa anaonyesha wengine. Kuonyesha kunataka macho.

#36 KaraniMstaafu

Nimechelewa kufika (sina hamsini). Nataka kuongeza jambo ambalo hamjaligusa. Niliwahi kupandishwa kuwa msimamizi wa watu niliokula nao githeri miaka sita. Siku ya kwanza nilienda kwenye benchi letu la chakula cha mchana, mazungumzo yakakatika. Siku ya pili vilevile. Ya tatu nikala mezani kwangu peke yangu. Nilikuwa najua nani huchelewa na kwa nini, nani ana mgonjwa nyumbani, na sasa nilitakiwa niwaandike. Sikuwaandika. Nikawa nafunika. Na ili nisionekane nimejitia ubosi, nilipunguza mwendo wangu mwenyewe nisiwaaibishe.

Bosi, huyo mzee anakula wapi siku hizi? Na hao wanaochelewa, anawaandika yeye au wewe?

#37 MwenyeCherehani11

Anaandika yeye. Daftari analo yeye. Nilimpa pamoja na funguo.

#38 KaraniMstaafu

Nilidhani hivyo.

#39 PesaNdiyoMambo

Mwongezeeni mzee pesa jamani 😂

#40 MwenyeCherehani11

Ripoti ya leo Jumatatu. Niliingia saa moja unusu nikakaa kwenye stuli ya pasi, sikusema kitu. Mzee alifika saa mbili kasoro tano. Sindano alitungiwa na kijana wa mifuko, mara tatu hadi saa sita. Mara ya nne alijitungia mwenyewe kwa jaribio la pili, kwa hivyo MzeeWaMbao na FundiPasi wote wana lao. Aliinuka kutoka kwenye kola mara 23, nilihesabu. Kati ya hizo, kama kumi alikwenda kufumua kola za yule binti mpya na kuzishona upya yeye mwenyewe. Hizo haziandikwi kwake, zinahesabiwa za binti. Hilo sikulijua.

Mchana alikula akiwa amekaa kwenye furushi la vitambaa, peke yake. Nilimuuliza kama anataka aendelee na usimamizi. Akasema, "Wewe ndiye mwenye kazi." Nikamuuliza tena, akasema chai inapoa.

Mkebe nimeuondoa. Taa inayopepesa nimeibadilisha. Chaki nimeiweka juu ya meza yake, sikusema kitu. Hadi jioni ilikuwa bado palepale.

#41 MzeeWaMbao

Wiki moja. Kisha kwa kipande.

#42 MamaVifungo

Mpeleke macho kwanza wewe na kipande chako.

#43 WakiliWaMtaani

Na cheo kiandikwe. Karatasi moja tu, sahihi mbili.

#44 KijanaWaMwiki

Mandazi ya Ijumaa sasa yanalipwa na nani?

#45 MamaWaGredi4

Samahani kuingilia, nimetafuta "sare Kariobangi" nikaangukia hapa. Nahitaji shati mbili nyeupe za mtoto wa gredi ya nne na sweta moja ya maruni. Kola zishonwe na huyo mzee tafadhali. Bei gani?